Ugoko unauma kwenye buti la skii? Anza na kisigino

Wiki mbili zilizopita jamaa yangu anayeuza viatu vya mtumba pale Karume alipasua roba akakuta ndani jozi moja ya mabuti ya ajabu, ya plastiki tupu, mazito kama tofali, hayakunjiki hata ukiyakanyaga, afu kwa mbele kila moja lina vyuma vinne vya kubana. Akayapiga picha akayatupia kwenye grupu. Basi ikawa tafrani. Mmoja anasema hayo ya zimamoto, mwingine anasema ya mashindano ya pikipiki, mwingine akaapia kabisa kwamba hayo wanavaa watu waliovunjika mguu, ni POP ya kisasa. Mi nikajifanya mjuaji nikaandika "hayo mabuti ya skii", na hapo ndo nilipojichongea, maana tangu siku hiyo simu haipoi.

Swali lililoniganda ni la dada mmoja humohumo kwenye grupu, mtu wa Kariakoo, anaenda Dubai kufunga mzigo wa nguo mara tatu nne kwa mwaka. Safari iliyopita na yeye akaamua ajipe raha, akaenda pale Ski Dubai, ile sehemu yenye theluji ndani ya Mall of the Emirates, ipo tangu 2005, humo ndani ni nyuzi moja au mbili chini ya sifuri wakati nje watu wanaungua na jua. Akapewa mabuti akavaa, akateleza, akaanguka, akacheka, ila amerudi Dar na magoko yote mawili mekundu, hata kugusa na khanga hataki. Akaandika: "Na nilivikaza mpaka mwisho kabisa!" Wakaanza kumjibu, sasa si ndo maana, umekaza mno. Wengine hapana, hukukaza vya kutosha. Grupu likagawanyika kama siku ya dabi.

Sasa nikasema ngoja niliandike hili vizuri mara moja, kwa sababu mi mwenyewe nililia na ugoko. Nilisoma Innsbruck, Austria, baridi mbili mfululizo, mji ule umezungukwa na milima na kule mtu kujua skii ni kama mtoto wa Kigamboni kujua kuogelea, ukisema hujui wanakuangalia kwa huruma. Msimu wa kwanza nilirudi chumbani kila Jumamosi natembea kama nimekanyaga miiba. Msimu wa pili sikuumia. Mguu uleule, mlima uleule, kilichobadilika ni namna ya kufunga tu.

Tuelewane majina kwanza

Skii ni zile mbao mbili ndefu, moja kwa kila mguu, unateremkia nazo kwenye theluji. Ila ipo michezo miwili watu wanaichanganya. Kuna skii ya tambarare, mtu anasukuma anaenda kilomita na kilomita kama anakimbia, na hiyo ndo aliyocheza Mkenya Philip Boit kule Nagano 1998, akamaliza wa mwisho kwenye kilomita 10 na bingwa wa siku ile, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Viatu vya mchezo ule ni laini, karibu na raba, kisigino kinanyanyuka kwa uhuru. Afu kuna skii ya mlima, ya kushuka kwa kasi, aliyocheza Mkenya mwingine, Sabrina Simader, kule Pyeongchang 2018. Mabuti ya Karume ni ya huu wa pili, na humu kisigino hakitakiwi kunyanyuka hata kidogo. Shika hilo.

Ugoko ni ule mfupa wa mbele ya mguu, chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Nyuma yake kuna shavu la mguu, ile minofu. Buti lenyewe ni viatu viwili ndani ya kimoja, la nje ni gamba gumu la plastiki na la ndani ni buti laini la sponji unaloweza kulichomoa. Sehemu ya gamba inayozunguka mguu juu ya kifundo nitaiita shingo. Ulimi wa buti ni kama ulimi wa kiatu chochote, ila huu ni mrefu, mnene, na umelala kwenye ugoko. Vile vyuma nitaviita vibanio, vinafanya kazi kama kibanio cha sanduku la spana la fundi, kuna ndoano, kuna meno ya kunasa ndoano, kuna mkono wa kukandamiza chini mpaka ulie "ta". Kwa kawaida viko vinne, viwili juu ya unyayo na viwili kwenye shingo. Juu kabisa kuna mkanda mpana wa kubandika na kubandua, ule unaolia kwaaa.

Kwanini ligumu hivyo? Kwa sababu lile sio la kutembelea, ni stelingi. Ukitaka ubao ugeuke unasukuma ugoko mbele, ugoko unasukuma ulimi, ulimi unasukuma gamba, gamba linapeleka habari kwenye ubao. Gari ambalo stelingi yake ina pleyi unaijua, unazungusha robo nzima ndo tairi lishtuke. Buti lililolegea ni stelingi yenye pleyi, tofauti ni kwamba hapa pleyi yenyewe inalipwa na mfupa wako.

Zamani walikuwa wanavaa mabuti ya ngozi ya kufunga kamba. Vibanio vililetwa miaka ya 1950 na watu wa Uswisi, kampuni inaitwa Henke, afu miaka ya 1960 Mmarekani Bob Lange akaja na buti la plastiki. Watu wakafurahi, buti linashika, linageuza ubao vizuri kuliko ngozi. Ila plastiki ilivyoanza kupanda juu ya mguu ugoko ukaanza kulia mpaka maumivu yenyewe yakapewa jina la mzee wa watu, wakawa wanayaita "Lange bang". Kwa hiyo dada wa Kariakoo asijione mshamba, ugonjwa wake una miaka zaidi ya hamsini.

Mlango ulioegeshwa

Weka kidole kwenye ugoko wako hapo ulipo. Ngozi, afu mfupa. Hamna nyama ya kukinga. Ndo maana ukijigonga kwenye ukingo wa stuli usiku umeme umekatika unaona nyota zote.

Lakini mfupa huohuo ukiuegemeza kwenye kitu laini, kwa upana, na usiuondoe, hausemi kitu. Mtoto anayebebwa mgongoni kwa khanga, khanga ikiwa imekazwa sawasawa analala fofofo, ikilegea ndo anaanza kuning'inia na kulia. Kinachouma ni kugongwa. Na ili kitu kikugonge lazima kwanza kiwe na nafasi ya kutoka mbali.

Chukua mlango. Uliofungwa, upepo uvume usivume, kimya. Uliowazi kabisa na kuegemezwa ukutani, kimya. Ule ulioegeshwa tu ndo unaopiga baa! baa! baa! usiku kucha mpaka jirani aamke. Ugoko kwenye buti lililolegea shingoni ni mlango ulioegeshwa. Kila kituta cha theluji mguu unarudi nyuma sentimita moja, afu unakuja mbele unaupiga ulimi. Mara moja hausikii. Sasa hesabu mteremko mmoja una vituta vingapi, na kwa siku unashuka mara ngapi.

Ila swali linabaki, dada alisema alikaza mpaka mwisho. Nikampigia nikamuuliza, ulikaza vya wapi? Akanyamaza kidogo, akasema vya chini hivyo, vya unyayo, maana vya juu vilikuwa vinaninyonga shavu la mguu nikaviachia kidogo. Na buti lilikuwa linakutosha? Lilikuwa kubwa kidogo, nikaongeza soksi.

Hapo hapo nikajua. Karibu kila mgeni wa mchezo huu anafanya hivyo hivyo, na mi nilifanya. Mguu unacheza ndani, unainama, mkono unafika kwenye kibanio cha karibu na vidole, unakandamiza. Bado unacheza, unakandamiza tena. Vidole vinakufa ganzi, juu ya unyayo panauma, na kisigino bado kinapanda kinashuka vilevile, kwa sababu hicho kibanio kiko mbali nacho, ni sawa na kukaza bonati ili mlango wa nyuma usicheze. Kisigino kikipanda mguu wote unasogea juu na mbele, ugoko unakwenda kuchimbwa na ule ukingo wa juu wa ulimi badala ya kulala kwenye upana wake. Maumivu unayasikia mbele juu, chanzo kiko nyuma chini. Ndo maana wale wanaobishana kaza, legeza, kaza, legeza hawatafika popote, wanabishana kiasi cha kukaza wakati kosa ni mahali pa kukaza na kipi kinaanza.

Mzee wa duka

Msimu wa pili nilibadilisha duka la kukodisha. Huyu wa pili alikuwa mzee, mikono kama ya fundi wa gereji, Kijerumani chake cha kule mlimani sikukielewa hata nusu. Nikamwonyesha ugoko. Akatikisa kichwa, akapiga magoti mbele yangu, na alichofanya baada ya hapo nimekuja kukirudia mwenyewe mpaka mikono inajua.

Kwanza alifungua kila kitu. Vibanio vyote vinne, mkanda, vyote wazi kabisa, kama vile buti ndo limetoka kiwandani. Akanivua soksi ya pili. Ile iliyobaki akaivuta juu mpaka chini ya goti na akapitisha kiganja kuhakikisha hamna mkunjo, akanipandisha na lile suruali la ndani nililokuwa nimelichomekea humo, likakaa juu ya buti, lisiingie ndani. Hapo ugokoni akagonga na kidole mara mbili kunionyesha, pindo la suruali lilikuwa limeacha alama nyekundu kama ya lastiki. Yaani upindo wa nguo, kitu cha milimita mbili, ukikandamizwa siku nzima kati ya mfupa na plastiki unakuwa kama jiwe.

Afu akavuta ulimi mbele, akalishika gamba kwa mikono miwili akalipanua kushoto na kulia, nikaingiza mguu. Hapa ujue jambo moja, buti lazima liwe na joto la ndani ya nyumba. Ukiliacha usiku kwenye gari plastiki inakuwa ngumu kama ndoo iliyotoka friza, utajichuna ngozi ya juu ya unyayo kabla hata hujaiona theluji.

Ulimi akaurudisha ukae katikati, haujapinda upande. Akaniambia simama, akaonyesha kwa mguu wake mwenyewe, piga kisigino chini, nyuma. Ko, ko, ko. Afu kunja magoti, sukuma ugoko mbele. Nikasikia kisigino kimezama kwenye kishimo chake, kitu ambacho msimu mzima wa kwanza sikuwahi kukisikia. Na nikiwa bado nimekunja magoti hivyohivyo ndo akaanza kufunga, akaanzia shingoni, kibanio cha chini ya kile cha juu kabisa, kwa jino la kwanza tu, taratibu. Hicho ndo kinachourudisha mguu nyuma kwenye kishimo. Kikafuata cha juu. Ukafuata mkanda, akauvuta ukashika ugoko na ulimi pamoja. Ndo akashuka kwenye unyayo, kile kilicho karibu na kifundo akakibana kiasi, na kile cha vidoleni, ambacho mi ndo nilikuwa nakikandamiza kwa hasira mwaka mzima, akakifunga kwa kidole kimoja. Kidole kimoja! Kazi yake ni kuzuia gamba lisipepee na theluji isiingie, basi.

Akaniambia nikunje magoti tena, mara kumi hivi. Akarudi shingoni, na kile kibanio kilichokuwa kigumu kwenye jino la kwanza sasa kikaingia la pili bila ugomvi, kwa sababu kisigino kilikuwa kimezama zaidi. Ukishawahi kumwangalia fundi tairi unajua hii kitu. Hakazi nati ya kwanza mpaka mwisho afu aende ya pili, anazishikisha zote kidogo, tairi likae, ndo anazunguka kukaza. Akikaza moja mpaka mwisho tairi linakaa upande.

Utakuta mafundi wengine wanaanza na kibanio cha juu kabisa, wengine wanaanza na mkanda, kila mmoja ana dini yake na wanaweza kubishana mpaka theluji iyeyuke. Wote lakini nilioonana nao wanakubaliana, shingo kabla ya vidole.

Kama jino moja limelegea na linalofuata linanyonga, usichague kati ya mateso mawili. Kile kijiti cha ndoano kwenye mabuti mengi kina nyuzi kama skrubu, kifungue, kizungushe, kinarefuka au kufupika kwa kipimo kidogo sana. Watu wanakodisha miaka kumi hawajui kama kinazunguka. Na ukishashuka mara moja mbili simama ukaze tena shingoni, sponji ya ndani inapata joto, inalala, nafasi inazaliwa upya. Wakati wa chai fungua vyote, damu ipite.

Utajuaje limekaa sawa? Ukisimama wima vidole vinagusa mbele kidogo, ukikunja magoti vinarudi nyuma na unaweza kuvichezesha. Kisigino hakinyanyuki. Na ugoko unagusa ulimi muda wote, hata ukisimama wima umetulia, kama umeegemea kitu. Hilo la mwisho ndo kubwa kuliko yote. Ukiweza kuusogeza ugoko mbele na nyuma ukasikia unaachana na ulimi na kurudi, mlango umeegeshwa huo.

Mambo wanayoyaamini watu

La kwanza ni saizi, na hapa ndo duka langu la kwanza lilinimaliza. Mabuti ya skii hayana namba 42 wala 43, yanapimwa kwa sentimita za unyayo. Namba 27 maana yake unyayo wa sentimita 27, mwisho wa habari, unaweza kujipima nyumbani, kisigino ukutani, alama ya penseli kwenye kidole kirefu, futi kamba. Mi ni 27. Kijana wa lile duka alinipa 28.5, na sijui kama ni makusudi ila hesabu yake naielewa, maana mteja anayebanwa vidole anarudi kulalamika palepale, aliyepewa kubwa anaondoka anatabasamu, analia kesho akiwa mbali. Buti kubwa likivaliwa dukani ni tamu kama sofa. Sentimita moja na nusu ya ziada ndo hiyo nafasi ya kuchukulia kasi ya kupiga ugoko.

Dawa yake ni kuchomoa buti la ndani, kuingiza mguu kwenye gamba tupu, kusogeza vidole mpaka viguse mbele, afu kupitisha vidole vya mkono nyuma ya kisigino. Kikiingia kimoja mpaka viwili, sawa. Vikiingia vitatu, rudisha. Na usimsumbue muuzaji kwa nusu saizi, 26 na 26.5 kwa kawaida ni gamba moja, tofauti iko ndani tu.

La pili ni soksi. "Ulaya baridi, vaa mbili." Hapana jamani. Mbili zinasuguana, zinakunjana, zinashika jasho, na jasho kwenye baridi ndo baridi yenyewe. Moja, nyembamba, ndefu mpaka chini ya goti, ya sufu au ya nailoni, pamba iache kwa ajili ya Dar. Inaonekana kama kichekesho kwamba soksi nyembamba inapasha joto kuliko nene, ila kinachopasha vidole joto ni damu, na soksi nene ndani ya gamba lisilotanuka inaifungia damu njia. Hilohilo ndo jibu kwa wanaodhani kukaza sana ni kujikinga na baridi. Juu ya unyayo kuna mishipa imepita karibu na ngozi, ukiikandamiza na kibanio vidole vinakufa ganzi afu vinapoa kama samaki wa feri alfajiri.

La tatu, "yatajiachia tu, viatu vipya vyote viko hivyo." Gamba la plastiki halijiachii lenyewe, likibana mahali fundi anaweza kulipasha moto akalisukuma patoke nafasi. Kinachojiachia ni sponji ya ndani, na yenyewe inaachia kuelekea kulegea. Kwa hiyo buti linalokutosha kwa raha siku ya kwanza, baada ya siku kadhaa utakuwa unaogelea humo.

Lipo na suala la shavu la mguu, ambalo dada wa watu hakulitunga. Kwa wanawake wengi ile minofu inaanzia chini zaidi, kwa hiyo shingo ya buti inaikuta pale ilipo nene, inanyonga, mtu anaachia vibanio vya juu, ugoko unaanza kugongwa. Mabuti ya kike yanatengenezwa na shingo fupi kidogo kwa sababu hiyo, na mengine vibanio vya juu vinaweza kuhamishwa tundu la nje. Uliza kabla hujavumilia. Zile namba nyingine kama 60, 90, 120 zilizoandikwa pembeni ni ugumu wa kukunja, mgeni achukue ndogo, na usizifananishe kampuni kwa kampuni maana kila moja ina mizani yake.

Siku hizi pia, kuanzia msimu wa 2023/24, kuna mabuti yenye kitufe cha kuzungusha kinachovuta waya badala ya vibanio viwili vya unyayo. Kizuri. Ila kisigino usipokizamisha kwanza utakuwa umekaza kosa lako kwa teknolojia.

Na kuna maumivu ambayo hakuna kufunga kutakakoyatibu, ya woga. Mgeni akiona mteremko anaegemea nyuma, ndo akili inavyomwambia, kama unavyoshuka na ndoo ya maji kichwani kwenye njia ya utelezi. Kwenye skii ukiegemea nyuma shavu la mguu linalalia shingo ya buti, mbao zinakukimbia, unajivuta mbele kwa nguvu na ugoko unapigwa. Mwalimu anayepiga kelele "magoti! mbele!" hakuonei.

Uwekundu wa pande zote na maumivu ya juu juu, pumzisha siku mbili tatu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Lakini kama ni mahali pamoja tu kwenye mfupa, ukibonyeza na kidole kimoja unaruka, au ganzi haiishi hata baada ya kuvua, hiyo ya daktari, sio ya grupu.

Sasa yale ya Karume

Watu wakaniuliza kama wanunue, wakaendee nayo Dubai, au Lesotho kule Afriski ambako theluji ipo Juni mpaka Agosti, juu ya mita 3,000. Kwanza Dubai tiketi ya kuteleza inakuja na mabuti na mbao, hauhitaji kubeba tofali kwenye begi. Pili, plastiki ya mabuti mengi ya aina hii inazeeka. Wapenzi wa mtumba hili mnalijua vizuri kuliko mimi, ile raba kali umeinunua, haina hata mkwaruzo, unaivaa siku ya harusi, ukifika ukumbini soli inamomonyoka kama keki kavu. Ni unyevu na joto vinaila ndani kwa ndani hata kama haijavaliwa, na Dar tuna vyote viwili bila kipimo. Buti la skii la miaka mingi linaweza kupasuka hivyohivyo, tofauti ni kwamba wewe uko katikati ya mteremko.

Jumamosi nikaenda pale kibandani nikamwonyesha jamaa na majirani zake kwa vitendo. Wakajaa, hata mama wa chai akaacha jiko. Nikafungua vibanio vyote, nikachomoa buti la ndani nikapima kwa vidole, viwili, safi kabisa, nikalirudisha, nikavuta ulimi, nikapanua gamba, nikaingia. Jasho linanitoka, ni saa saba mchana. Nikawaambia sasa angalieni, hapa ndo penyewe, kisigino kinakwenda nyumbani. Ko. Ko. Ya tatu haikulia ko, ililia chwaa, na nilipoinua mguu soli ya kisigino ilikuwa imebaki kwenye turubai, vipande vipande, nyeusi, kama makaa.

Jamaa akaiangalia, akaniangalia.

"Elfu ishirini na tano, kaka. Umevunja, umenunua."